Mfuko, Kifungashio na Kibebeo: Uhakiki wa Matini za Kukataza Plastiki katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matini za sera na sheria ambazo kwazo serikali za Afrika Mashariki zimekataza mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006. Hoja yake kuu ni kwamba mafanikio na kasoro za makatazo hayo hazitokani tu na ukali wa utekelezaji, bali pia na namna kitu kinachokatazwa kilivyotajwa na kufasiliwa. Kwa kulinganisha kigezo cha mikroni 30 cha Uganda, Tangazo la Kenya la mwaka 2017, Kanuni za Tanzania za mwaka 2019 na sheria za Rwanda za mwaka 2008 na 2019, inaonyeshwa kuwa fasili inayotegemea kipimo kisichoonekana kwa jicho, au inayotegemea tendo la mtumiaji, humwachia mchuuzi mzigo ambao ulipaswa kubebwa na mzalishaji. Sehemu ya mwisho inajadili lugha ya sheria hizo katika masoko ya mipakani.

1. Utangulizi

Ni nadra Afrika Mashariki kutajwa kama mwalimu katika mijadala ya kimataifa kuhusu mazingira. Suala la mifuko ya plastiki ni miongoni mwa mambo machache ambayo kwayo eneo hili limetangulia na wengine wakafuata. Zanzibar ilikataza mifuko hiyo mwaka 2006. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2008, Uganda ikaweka katazo lake katika Sheria ya Fedha ya mwaka 2009, Kenya ikatoa tangazo mwaka 2017, Burundi ikatoa dikrii mwaka 2018, na Tanzania Bara ikafunga mlango tarehe 1 Juni 2019. Zilipokutana nchi wanachama wa Baraza la Umoja wa Mataifa la Mazingira jijini Nairobi mwezi Machi 2022 na kuazimia kuandaa mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, wajumbe wa eneo hili walikuwa na jambo la kujivunia.

Sifa hizo ni za haki, lakini zimeleta uvivu wa aina fulani katika uhakiki. Mjadala mwingi umeegemea upande wa utekelezaji: ukaguzi ulifanyika mara ngapi, nani alikamatwa, soko lipi limerudia mifuko ya zamani. Kila katazo linapolegea, jibu linalotolewa ni kwamba watu hawana elimu ya mazingira au kwamba maofisa hawakazi kamba. Matini yenyewe hayaulizwi kitu. Yanachukuliwa kuwa ni kioo safi ambacho nia njema ya serikali inapitia bila kupindika. Makala haya yanaanzia upande wa pili. Sheria ni matini kama matini nyingine: ina msamiati, ina nafsi inayosema na nafsi inayosemwa, ina mambo inayoyataja na mambo inayoyanyamazia. Na katika makatazo ya plastiki, neno moja la fasili laweza kuamua kama atakayesimama mbele ya hakimu ni mwenye kiwanda au ni mama anayeuza mchicha.

2. Kipimo kisichoshikika

Uganda inafaa kutangulia kwa kuwa matini yake ndiyo mepesi zaidi kuhakiki. Mwaka 2009 nchi hiyo ilikataza mifuko iliyo myembamba kuliko mikroni 30, na mizito ikatozwa kodi kubwa. Kigezo hichohicho kimebaki katika Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019. Kwa mtaalamu wa viwango, kigezo hicho kina mantiki: mfuko mwembamba huchanika mapema, hupeperushwa na upepo, na hauna thamani kwa mwokotaji wa taka, ilhali mfuko mzito unaweza kutumiwa tena. Tatizo ni kwamba mikroni 30 ni chini ya unene wa unywele wa kawaida wa binadamu. Hakuna mchuuzi wa Owino anayeweza kushika kaveera mbili, moja ya mikroni 25 na nyingine ya mikroni 35, akasema ipi ni halali. Polisi naye hawezi, wala mnunuzi.

Kipimo kinachohitaji maabara kikiwekwa sokoni huzaa hali ya kipekee: kila mfuko unashukiwa na hakuna mfuko unaothibitika. Mwenye kiwanda anajua unene wa bidhaa yake kwa kuwa mashine ndiyo inayoupanga; lakini mfuko ukishatoka kiwandani bila jina la aliyeutengeneza, ujuzi huo unabaki kwake na lawama inasafiri peke yake hadi mezani pa mchuuzi. Kenya ilipita njia hiyohiyo. Majaribio yake ya mwaka 2007 na 2011 yaliweka mipaka ya unene, kwanza mikroni 30 na baadaye 60, na yote mawili yalishindwa. Inashangaza kwamba ushahidi huo wa jirani haukuwazuia waandishi wa sheria ya Uganda ya mwaka 2019 kurudi kwenye kigezo kilekile, miaka 2 baada ya Kenya kukiacha kabisa.

Haisemwi hapa kwamba Uganda haikuwa na msingi wa kisheria. Ibara ya 39 ya Katiba yake ya mwaka 1995 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, na Mahakama Kuu ilishatamka mwaka 2012 kwamba mifuko hiyo inaivunja haki hiyo. Haki ilikuwapo, na hukumu ilikuwapo. Kilichokosekana ni fasili ambayo mkono wa kawaida unaweza kuishika.

3. Tangazo la Kenya na adhabu isiyo na ngazi

Katazo la Kenya lilikuja kwa njia ya Tangazo la Gazeti Rasmi Na. 2356, lililotolewa mwishoni mwa Februari 2017 na Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Judi Wakhungu, na likaanza kutumika tarehe 28 Agosti mwaka huohuo. Ufupi wake ni jambo la kwanza linalomgusa msomaji. Katazo lililotikisa sekta nzima ya viwanda limeandikwa katika mistari michache. Linakataza utumiaji, utengenezaji na uingizaji wa mifuko yote ya plastiki inayotumika kufungashia bidhaa za biashara na za nyumbani, kisha linafasili mifuko hiyo kwa aina mbili: ule wenye vishikio, na ule bapa usio na vishikio.

Kwa upande wa fasili, Tangazo hili ni hatua kubwa mbele. Unene umeachwa. Vishikio vinaonekana, na kwa kuwa mifuko yenye vishikio na isiyo na vishikio imekatazwa yote, mabishano ya vipimo yanakufa kabla hayajazaliwa. Mchuuzi wa Gikomba hahitaji kifaa chochote kujua kwamba juala alilonalo ni haramu. Hii ndiyo sababu mojawapo, pengine kubwa kuliko hofu ya polisi, ya majuala kutoweka kwa kasi katika maduka ya Kenya kuliko ilivyotarajiwa na wengi.

Udhaifu wake uko kwenye adhabu. Tangazo lenyewe halikuunda adhabu; liliegemea kifungu cha 144 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, kama ilivyorekebishwa, ambacho ni kifungu cha jumla kwa makosa yasiyotajiwa adhabu yake mahususi. Kifungu hicho kinaagiza faini isiyopungua shilingi milioni 2 na isiyozidi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Adhabu hiyo ilibuniwa kwa wachafuzi wakubwa. Tangazo likaihamisha bila kuibadili hadi kwa kila mtu anayetumia mfuko. Kwa matini yalivyo, mwenye kiwanda kinachotoa mamilioni ya mifuko na mama mboga aliyefunga sukuma wiki iliyokatwakatwa wanakutana kwenye sakafu ileile ya milioni 2. Kwa mmoja hiyo ni gharama ya biashara. Kwa mwingine ni jumla asiyoweza kuifikia maishani. Sheria isiyo na ngazi humlazimisha mtekelezaji kuchagua kati ya ukatili na kufumba macho, na mtekelezaji mwenye utu hufumba macho. Hapo ndipo mianya ya rushwa inapofunguka, maana tofauti kati ya milioni 2 na kuachiwa huru ni pana mno, na ndani yake kuna nafasi ya mapatano mengi.

Upande wa viwanda haukukaa kimya. Chama cha watengenezaji bidhaa kilidai kwamba viwanda 176 na ajira zipatazo 60,000 za moja kwa moja zingeathirika. Pingamizi zilifika mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ililiacha katazo lisimame. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikuwa imeandaa njia: ibara ya 42 inatoa haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 69 inaipa serikali wajibu wa kuyalinda. Lakini hoja ya ajira haikupaswa kuachwa kama kelele za wenye mali tu. Tangazo halina hata neno moja kuhusu wafanyakazi wa viwanda vile, wala kuhusu mahali pa kupeleka mifuko iliyokwisha kutengenezwa. Muda wa miezi 6 ulitosha kwa duka kubwa kubadilisha mifuko yake. Haukutosha kwa kiwanda kubadilisha mashine.

Kenya imeendelea kujirekebisha, na hilo listajwe. Tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zilikatazwa katika mbuga, fukwe, misitu na maeneo mengine ya hifadhi. Muhimu zaidi, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeleta wajibu wa mzalishaji, yaani anayeiingiza bidhaa sokoni hubaki na jukumu juu ya mabaki yake hata baada ya kuiuza. Ukisoma matini haya mawili kwa pamoja, lile la 2017 na hili la 2022, nafsi inayosemwa imehama kutoka kwa mbebaji kwenda kwa mtengenezaji. Mabadiliko hayo ya kisarufi, kama yanaweza kuitwa hivyo, yana uzito kuliko faini zote.

4. Tanzania: ngazi nzuri, mlango wa pembeni

Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza katazo bungeni mwezi Aprili 2019, na Kanuni zikachapishwa kama Tangazo la Serikali Na. 394 la mwaka huo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Wananchi walipewa chini ya miezi 2. Kwa kuwa nchi ilikuwa imeshazoea katazo la pombe za viroba la mwaka 2017, lugha ya kupiga marufuku haikuwa ngeni masikioni.

Kwa upande wa adhabu, haya ndiyo matini yaliyoandikwa vizuri kuliko yote yanayohakikiwa hapa. Mtengenezaji au mwagizaji anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 20 na isiyozidi bilioni 1. Msambazaji na mwenye ghala wana ngazi yao, kuanzia milioni 5 hadi milioni 50. Muuzaji anaanzia 100,000 na haendi zaidi ya 500,000. Anayepatikana na mfuko tu, au anayeutumia, anaanzia 30,000 na kuishia 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7. Hapa sheria imekiri jambo ambalo Tangazo la Kenya halikulikiri: kwamba dhambi ya plastiki haigawanyiki sawasawa kwa wote wanaoigusa.

Vilevile Kanuni hazikujali unene. Zinahusu mifuko ya kubebea ya unene wowote. Mpaka hapo waandishi walikuwa wamejifunza kwa majirani. Kisha ukaja mlango wa pembeni. Kanuni zinaruhusu plastiki inayotumika kufungashia katika huduma za afya, bidhaa za viwandani, ujenzi, kilimo, usindikaji wa vyakula, na usafi na udhibiti wa taka. Hakuna mwenye akili timamu atakayepinga msamaha huo. Damu ya mgonjwa haibebwi kwenye kikapu. Lakini kwa kuutoa, matini yaligawa ulimwengu wa plastiki katika sehemu mbili, cha kubebea na cha kufungashia, na mgawanyo huo hauko ndani ya kitu chenyewe.

Kiswahili kinalieleza jambo hili waziwazi kuliko Kiingereza kilichotumika kuziandika Kanuni. Mfuko ni kitu. Kifungashio na kibebeo si vitu kwa namna hiyo. Ni majina yanayozaliwa na vitenzi, na maana yake inabaki mikononi mwa mtendaji. Karatasi ya nailoni iliyofungashia karanga kiwandani ni kifungashio. Karatasi ileile, ikinunuliwa kwa jumla Kariakoo ikiwa tupu, kisha muuza nyanya akatia ndani yake nyanya 5 na kumkabidhi mteja, imekuwa kibebeo, na kosa limetendeka. Hakuna kilichobadilika katika plastiki. Kilichobadilika ni kitenzi.

Soko lilisoma matini hayo haraka kuliko Serikali. Rambo zilipoondoka mezani, vifungashio vyeupe visivyo na vishikio vilichukua nafasi yake: vya nyama, vya samaki, vya mboga, vya mandazi. Hadi kufikia mwaka 2021 Serikali ililazimika kurudi na tamko jingine, safari hii likilenga vifungashio visivyokidhi viwango na utumiaji wake kama vibebeo. Vyombo vya habari viliuita ujanja wa wafanyabiashara. Kwa mhakiki, neno ujanja halistahili. Mchuuzi alifanya alichoruhusiwa na maandishi: alichukua kitu halali akakitumia kwa kazi ambayo maisha yake ya kila siku yanamlazimu kuifanya. Samaki wa maji anayeuzwa Feri hawezi kuwekwa kwenye bahasha ya kaki, na Kanuni hazikumwambia mwuzaji amweke wapi.

Mbadala uliosisitizwa zaidi ni mfuko laini unaofanana na kitambaa, ambao Shirika la Viwango Tanzania uliutaka usipungue gramu 70 kwa mita ya mraba. Kuna mambo mawili hapa. Kwanza, mfuko huo kwa kawaida umetengenezwa kwa polipropilini; ni plastiki iliyovaa sura ya nguo. Mamlaka ya mazingira ya Kenya ililiona hilo mapema, ikaupiga vita mwaka 2019. Pili, gramu 70 kwa mita ya mraba ni mikroni 30 iliyorudi kwa jina jingine. Kwa mara nyingine muuzaji wa rejareja anadaiwa kuthibitisha kipimo ambacho ni kiwanda pekee kinachokijua.

Hapa pana jambo la kando ambalo halipaswi kuachwa lipite. Tanzania iliwahi kuzalisha takriban tani 230,000 za mkonge kwa mwaka, kilele kilichofikiwa mwaka 1964, na mpaka leo mashamba ya Tanga na Morogoro yangalipo. Ukindu na miwaa vinasukwa vikapu katika pwani yote, na kwa majirani kiondo cha mkonge kimekuwa kikibeba mahindi na maharage kwa vizazi kabla ya rambo kuingia. Kanuni za 2019 hazikuandikwa na mtu aliyefikiria mkonge. Zingeweza kuambatana na agizo la ununuzi wa umma, nafuu ya kodi kwa wasusi, au hata lengo la kiasi fulani cha mifuko ya nyuzi asilia. Hakuna. Sera ya mazingira na sera ya kilimo zilipishana njiani bila kusalimiana, na pengo lililoachwa na rambo likajazwa kwa kiasi kikubwa na plastiki nyingine.

5. Rwanda na mipaka ya kuiga

Sheria Na. 57/2008 ya Rwanda imesifiwa kiasi kwamba kuihakiki kunaonekana kama utovu wa adabu. Sifa nyingine ni halali kabisa. Lakini mara nyingi wanaoisifu wanaangalia mitaa ya Kigali na kudhani wanaisoma sheria. Usafi wa Kigali unabebwa na mambo ambayo hayamo katika sheria hiyo: utawala unaoshuka hadi kwenye umudugudu, na umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ambao umefanya usafi kuwa jukumu la hadharani. Mshauri wa sera anayeichukua sheria ya 2008 na kuipeleka katika jiji lisilo na ngazi hizo amechukua mpini na kuacha jembe.

Kinachostahili kuigwa zaidi ni sheria iliyofuata, Na. 17/2019. Imepanua katazo kutoka mifuko hadi vitu vya plastiki vya kutumia mara moja. Imewapa wenye viwanda kipindi cha mpito cha miaka 2, jambo ambalo Kenya haikulifanya. Na adhabu zake kuu ni za kiutawala: kiwanda kinachokiuka kinafungiwa na kutozwa faraka milioni 10, na mwagizaji anatozwa mara 10 ya thamani ya shehena aliyoiingiza. Kanuni hiyo ya mara 10 ni ya busara kwa sababu inajipima yenyewe. Mwenye kontena na mwenye furushi wanahukumiwa kwa fomula moja, ila kila mmoja kwa ukubwa wa kosa lake. Ngazi za Tanzania zimepangwa kwa cheo cha mtu katika mnyororo wa biashara. Fomula ya Rwanda imepangwa kwa uzito wa tendo. Mwandishi wa sheria anayeanza upya angefanya vyema kuziunganisha zote mbili.

6. Mpaka, taka na lugha

Umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010. Sura ya 19 ya Mkataba wa Jumuiya inazitaka nchi wanachama zishirikiane katika mazingira. Hata hivyo makatazo yote yaliyotajwa yalitungwa na kila nchi peke yake, kwa tarehe zake, fasili zake na misamaha yake. Muswada wa kikanda wa kudhibiti nailoni uliwasilishwa katika Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2011, majirani hawakuusubiri. Matokeo yake ni kwamba mfuko wa mikroni 40 ni bidhaa halali ukiwa upande wa Uganda wa mji wa Busia, na ni kosa la shilingi milioni 2 ukivuka barabara. Kati ya Goma na Rubavu, ambako wachuuzi wengi ni wanawake wanaovuka kwa miguu kila siku, amashashi yamekuwa bidhaa ya magendo kwa miaka mingi. Kila nchi inamlaumu jirani kwa kutokukaza mpaka, ingawa tofauti ya sheria ndiyo inayoupa mfuko bei.

Mkazo uliowekwa kwenye mfuko pia umeacha taka nyingine zikue. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la jalala la Kiteezi, nje ya Kampala, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Mifuko haikuwa sababu pekee ya maafa hayo wala haisemwi hivyo. Lakini maafa yenyewe yanauliza kwa nini serikali za eneo hili zimekuwa na maneno mengi kuhusu kitu kinachobebwa mkononi na machache kuhusu mahali kitu hicho kinapoishia. Dandora na Pugu Kinyamwezi zinangoja jibu hilohilo. Katazo ni rahisi kutangazwa kwa kuwa gharama yake inalipwa na mtumiaji. Jalala la kisasa linahitaji fungu la bajeti.

Limebaki suala la lugha. Tangazo la Kenya na Kanuni za Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza, katika nchi ambazo soko linasema Kiswahili. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania yamefungua nafasi, na Rwanda ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, ingawa sheria ya plastiki ya 2019 inasomeka kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kwa hiyo mwanamke anayevuka kutoka Goma hana matini rasmi ya Kiswahili kuhusu kitu kinachoweza kumfilisi. Anategemea alichoambiwa na mwenzake kwenye foleni.

Hata pale tafsiri ilipofanyika, istilahi hazilingani. Mfuko uleule ni rambo Dar es Salaam, juala au sandarusi Nairobi, kaveera Kampala. Plastiki za kutumia mara moja zinaitwa kwa majina matatu au manne katika matangazo ya serikali zilezile. Kifungashio na kibebeo, maneno ambayo yameamua hatima ya kanuni nzima nchini Tanzania, hayajawahi kufasiliwa kwa pamoja na vyombo vya lugha na vyombo vya viwango. Mazungumzo ya mkataba wa kimataifa wa plastiki yalikwama Busan mwishoni mwa 2024 na Geneva mwezi Agosti 2025 bila mapatano, na miongoni mwa mambo yaliyowagawa wajumbe ni suala hilihili la fasili na upeo: kama mkataba uguse uzalishaji wa plastiki au uishie kwenye taka. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyopo Zanzibar, ikishirikiana na BAKITA na mashirika ya viwango ya nchi wanachama, ina muda wa kuandaa orodha moja ya istilahi kabla mkataba huo haujaletwa kutafsiriwa. Kazi hiyo ianze na kifungashio: kifasiliwe kwa alama ya mtengenezaji iliyochapwa juu yake na bidhaa iliyotiwa ndani yake kiwandani, si kwa tendo la mtu anayekipokea sokoni.